Kugeuka, Kujigeuza na Kugeuzwa: Mamlaka na Maumbo katika Tendi za Kilatini

Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufunzwa mapema kutofautisha kauli za vitenzi. Kitenzi "kugeuka" hakimtaji mtenda wala hakimhitaji: upepo hugeuka, mambo hugeuka. "Kujigeuza" humfanya mtu mmoja kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. "Kugeuzwa" nacho humwachia msikilizaji swali ambalo sharti lijibiwe: kageuzwa na nani? Tofauti hizi za viambishi zaweza kuonekana kuwa jambo la darasani tu. Hata hivyo, ndizo zinazotenganisha usomaji wa juujuu na usomaji wa kina wa mojawapo ya tendi mashuhuri zaidi zilizotungwa kwa Kilatini, yaani Metamorphoses ya Ovid.

Utendi huu una vitabu 15 na mishororo ipatayo 12,000. Ndani yake mna visa takriban 250, na katika karibu kila kisa kuna kiumbe anayepoteza umbo lake na kupata jingine. Wanaokutana nao kupitia muhtasari huwa wepesi wa kuuweka katika fungu la ngano za usuli: kwa nini buibui hufuma, kwa nini mti fulani haupukutishi majani, kwa nini kundi fulani la nyota halitui baharini. Makala haya yanashikilia kwamba uainishaji huo, ingawa si wa uongo, humwacha msomaji mlangoni. Katika utendi wa Ovid mabadiliko ya umbo ni lugha ya mamlaka. Wenye nguvu hujigeuza wapendavyo, wanyonge hugeuzwa, na baada ya tendo kupita, husimuliwa kwamba waligeuka tu. Anayeishia kuuliza kwa nini buibui hufuma, asiulize ni nani aliyemfanya awe buibui, amekwisha kuipokea hadithi kutoka upande mmoja.

Zama za Ovid

Ovid alizaliwa mwaka 43 K.K. katika mji wa Sulmo, Italia ya kati, mwaka mmoja baada ya Julius Caesar kuuawa. Alikuwa na umri wa miaka 12 pale Octavian, mrithi wa Caesar, alipowashinda Antony na Cleopatra katika vita vya Actium mwaka 31 K.K. Miaka minne baadaye, mwaka 27 K.K., Seneti ya Roma ilimpa mshindi huyo jina jipya la Augustus. Hapo ndipo palipotokea geuzo kubwa kuliko yote ya zama zile. Seneti iliendelea kukutana, makonsuli waliendelea kuchaguliwa, na sheria ziliendelea kupitishwa kwa jina la Jamhuri. Lakini mamlaka yalikuwa yamekusanyika mikononi mwa mtu mmoja. Umbo lilibaki lile lile. Kilichomo ndani kikawa kingine.

Inafaa kuikumbuka hali hiyo wakati wa kuwasoma wahusika wa Ovid, kwa kuwa wao hupatwa na kinyume chake. Umbo la nje hubadilika kabisa, ilhali moyo na akili hubaki vilevile. Mtunzi aliyeishi katika dola iliyobadili kiini chake huku ikihifadhi sura yake, alitumia maisha yake akitunga habari za watu waliopoteza sura zao huku wakihifadhi viini vyao. Yamkini si sadfa.

Mapatano ya Juno na Jupiter

Kabla ya Ovid, palikuwa na Virgil (70–19 K.K.), ambaye utendi wake, Aeneid, una vitabu 12. Huyu husifiwa kuwa mshairi wa dola, na mabadiliko ya maumbo katika kazi yake aghalabu hutumikia safari ya kuelekea kuzaliwa kwa Roma. Katika kitabu cha 9, merikebu za Aeneas zinapokaribia kuteketezwa na adui, mama wa miungu anazigeuza kuwa viumbe wa kike wa baharini, kwa sababu mbao zake zilitoka katika msitu wake mtakatifu. Hapa mamlaka huokoa.

Hata hivyo, geuzo lililo zito zaidi katika Aeneid halihusu merikebu. Linahusu lugha. Katika kitabu cha 12, Juno, aliyewachukia Watroya tangu mwanzo wa utendi, anakubali kuacha vita kwa sharti kwamba Walatini wasilazimishwe kubadili jina lao, lugha yao wala mavazi yao. Jupiter anatabasamu na kukubali. Watroya, ambao ndio watakaoshinda, watachanganyika na wenyeji hadi wapotee ndani yao. Usemi utakaobaki ni wa Walatini. Hivyo basi, hatima ya lugha mbili inaamuliwa katika mazungumzo mafupi baina ya mume na mke mbinguni, huku wasemaji wa lugha hizo wakiendelea kuuana chini uwanjani bila kujua lolote. Msomaji wa leo anaweza kufurahi kwamba lugha ya wenyeji ilinusurika. Lakini ni vyema atambue pia kwamba ilinusurika kwa hisani, na kinachotolewa kwa hisani kingeweza kunyimwa kwa hasira. Virgil analipitia jambo hili kwa utulivu. Ovid, aliyekuja baada yake, alilifanya kuwa kiini cha utendi mzima.

Msimulizi mmoja, shahidi hakuna

Mwanzoni kabisa mwa Metamorphoses, Ovid anatangaza kwamba atasimulia habari za maumbo yaliyogeuzwa kuwa miili mipya, kisha anawaomba miungu wamsaidie, akiwakumbusha kwamba ni wao waliofanya kazi hiyo ya kugeuza. Ombi linaonekana kuwa la kawaida, kama dua za watunzi wengi. Ukweli ni kwamba mtenda ametajwa kabla hadithi haijaanza.

Binadamu wa kwanza kugeuzwa ni Mfalme Lycaon, anayefanywa mbwamwitu. Anayesimulia kisa hicho ni Jupiter mwenyewe mbele ya baraza la miungu. Anaeleza kwamba alishuka duniani katika umbo la binadamu, kwamba Lycaon alipanga kumuua usiku, kwamba alimwandalia nyama ya mtu, na kwamba aliadhibiwa. Huenda yote hayo ni kweli. Lakini mshtaki, shahidi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu ni mmoja. Mshtakiwa alipojaribu kusema, alibweka. Baada ya hapo Jupiter anatangaza kwamba wanadamu wote wataangamizwa kwa gharika kwa sababu ya uovu, na wajumbe wa baraza wanagawanyika katika makundi mawili: wanaounga mkono kwa maneno na wanaounga mkono kwa ishara. Kundi la tatu halipo. Ovid anaongeza kwamba, kama angethubutu, angepaita mahali hapo Palatine ya mbinguni. Palatine ndicho kilima kilichokuwa na nyumba ya Augustus. Msomaji wa Roma hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Kunyang'anywa sauti

Katika visa vingi vinavyofuata, kitu kinachouma zaidi kukipoteza ni uwezo wa kusema. Io, binti wa mto Inachus, anabakwa na Jupiter, kisha anageuzwa kuwa mtamba ili Juno asigundue. Ikumbukwe kwamba Io hakukosa lolote. Umbo lake jipya si adhabu. Ni njia ya kuficha ushahidi. Juno naye, akishuku, anamwomba mumewe ampe ng'ombe huyo kama zawadi, na Jupiter anampa. Io anataka kuinua mikono amsihi mlinzi wake, lakini hana mikono. Anafungua kinywa alalamike, na mlio unaotoka unamtisha yeye mwenyewe. Anapofika kando ya mto wa baba yake, mzee huyo anamlisha majani bila kumtambua. Hapo Io anatumia kwato yake kuandika vumbini, na baba anasoma habari ya mwanawe. Hata baadaye anaporudishiwa umbo la mwanamke huko Misri, anaogopa kuzungumza asije akalia kama ng'ombe. Anajaribu maneno polepole, kwa woga. Mwili umerudi, lakini hofu ya kusema imebaki. Ni vigumu kupata maelezo mafupi na ya kweli kuliko haya kuhusu athari za dhuluma kwa aliyedhulumiwa.

Kisa cha Actaeon ni kikali zaidi. Kijana huyu mwindaji anapotea njia msituni na kumwona Diana akioga. Ovid anatahadharisha mapema kwamba lililotokea lilikuwa kosa la bahati, si uhalifu. Diana anamrushia maji na kumgeuza kulungu, akimwambia aende akasimulie alichoona ikiwa ataweza. Mbwa wake mwenyewe wanamrarua. Anataka kuwaambia kwamba yeye ni bwana wao, lakini hana maneno. Marafiki zake wanawahimiza mbwa huku wakimwita Actaeon kwa jina, wakisikitika kwamba hayupo kuushuhudia uwindaji huo mzuri. Mwishoni Ovid anasema kwamba watu walitofautiana: wapo waliomwona mungu huyo kuwa mkatili kupita kiasi, na wapo waliomsifu. Hatoi uamuzi wake. Anamwachia msomaji swali ambalo baraza la Jupiter halikuruhusu liulizwe.

Kisa cha Daphne kinaonyesha hatua ya mwisho ya utaratibu huu. Akimkimbia Apollo, Daphne anamwomba baba yake amwokoe kwa kumbadilisha umbo lililomletea balaa. Anakuwa mti, ule ambao Warumi waliyasuka majani yake kuwa mataji ya washindi. Apollo anaukumbatia mti na kutangaza kwamba, ikiwa Daphne hawezi kuwa mkewe, atakuwa mti wake. Utayapamba maandamano ya ushindi na kusimama mlangoni pa Augustus. Kweli, mwaka 27 K.K. Seneti ilikuwa imeamuru nguzo za mlango wa Augustus zipambwe kwa majani ya mti huo. Ovid anamaliza kwa kusema kwamba kilele cha mti kilionekana kutikisika kama kichwa. Hasemi kwamba Daphne alikubali. Anasema ilionekana hivyo, na aliyekuwa akitazama na kuihitaji ridhaa hiyo ni Apollo. Mwanamke aliyekimbia amefanywa pambo la dola, na kutikisika kwa majani kunahesabiwa kuwa idhini.

Nguo mbili

Ikiwa kuna mahali ambapo utendi huu unaitazama kazi ya sanaa yenyewe, ni katika kitabu cha 6. Arachne, binti wa mtu wa kawaida aliyetia nguo rangi, anasifika kwa ufumaji na anakataa kusema kwamba ustadi wake aliupata kwa mungu wa kike Minerva. Minerva anamjia na wawili hao wanashindana.

Nguo ya Minerva ina mpangilio ulio sawa pande zote. Katikati wapo miungu 12 juu ya viti vyao, Jupiter akiwa na haiba ya mfalme. Katika pembe nne wamo wanadamu waliothubutu kujilinganisha na miungu, kila mmoja akiwa amekwisha kugeuzwa. Ni sanaa ya dola: utukufu kati, onyo kandokando. Nguo ya Arachne haina katikati wala pembe za kuonya. Imejaa visa vya miungu waliojigeuza ili kuwapata wanawake kwa hila: Jupiter akiwa fahali kwa Europa, akiwa bata maji kwa Leda, akiwa manyunyu ya dhahabu kwa Danae, na wengineo. Katika nguo ya kwanza wanadamu wanageuzwa kwa sababu ya kiburi chao. Katika nguo ya pili miungu wanajigeuza kwa sababu ya tamaa yao. Ni habari zile zile za maumbo, zikitazamwa kutoka pande mbili.

Ovid anasema wazi kwamba hata Minerva hakupata dosari katika kazi ya Arachne. Kwa hiyo hakumshinda. Aliichana nguo na kumpiga kichwani kwa kipande cha mbao cha kufumia. Arachne alijitia kitanzi, na mungu yule, kwa kile kinachoitwa huruma, akamfanya buibui anayening'inia na kufuma daima bila picha yoyote. Mwanafunzi anayekihesabu kisa hiki kuwa ngano ya usuli inayofunza ubaya wa majivuno amekisoma kama Minerva alivyotaka kisomwe. Kiburi kimo, bila shaka. Lakini kilichochanwa hakikuwa kiburi. Kilikuwa nguo, na nguo hiyo ilisema kweli.

Hoja za kupinga

Wapo watakaosema kwamba usomaji huu unambebesha Ovid mzigo asioujua. Watasema kwamba alikuwa mtunzi wa utani na mapenzi, na kwamba si kila geuzo katika utendi wake ni dhuluma. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika kitabu cha 8, wazee wawili maskini, Baucis na Philemon, wanawakaribisha Jupiter na Mercury bila kuwatambua. Wanapoulizwa wanataka nini, wanashauriana kwanza, kisha wanaomba wasitenganishwe na kifo. Siku yao inapofika, wanageuka miti miwili iliyosimama pamoja, nao wanaagana mpaka gamba la mti linapofunika vinywa vyao.

Lakini kisa hiki hakiibomoi hoja kuu, kinaifafanua. Jambo linalokitofautisha na vingine ni kwamba wazee hao waliulizwa, walipewa nafasi ya kushauriana, na walisema mpaka neno la mwisho. Hapa kitenzi "kugeuka" kinawafaa. Kwa hivyo tatizo halimo katika mabadiliko yenyewe, kwani hakuna kiumbe asiyebadilika. Tatizo ni nani anayeamua, na iwapo anayebadilishwa ameachiwa ulimi.

Wengine watataja mwisho wa utendi, ambapo Julius Caesar anakuwa nyota, wakidai kwamba hiyo ni sifa tupu kwa watawala. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Caesar kupitia Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, ambako kifo chake kinazua vita. Ovid anakipeleka kisa mbinguni. Hata hivyo anaeleza sababu bila kuficha: ilibidi Caesar afanywe mungu ili Augustus asiwe mwana wa binadamu wa kawaida. Sifa gani hii inayouonyesha mshono wake? Mtawala naye amegeuzwa, na aliyefaidika na geuzo hilo ametajwa kwa jina. Kisha, katika mishororo ya mwisho, Ovid anatangaza kwamba kazi yake haitaangamizwa na ghadhabu ya Jupiter, na kwamba yeye ataendelea kuishi midomoni mwa wasomaji. Baada ya vitabu 15 vya vinywa vilivyofungwa, mtunzi anadai kinywa.

Mtunzi naye kageuzwa

Mwaka wa 8 B.K., utendi ukiwa umekaribia kukamilika, Augustus alimfukuza Ovid hadi Tomis, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi ambao leo ni Constanța nchini Romania. Hapakuwa na kesi mbele ya Seneti wala mahakama. Ovid alitaja sababu mbili tu, shairi na kosa. Shairi lilikuwa mafunzo yake ya mapenzi. Kosa hakulieleza, ila alijifananisha na Actaeon aliyeona asichokusudia kukiona. Katika mashairi ya uhamishoni aliandika kwamba bahati yake mwenyewe sasa yaweza kuongezwa katika orodha ya maumbo yaliyogeuzwa. Alilalamika kwamba maneno ya Kilatini yalikuwa yakimtoroka, na akasema kwamba alitunga shairi kwa lugha ya Wageti waliomzunguka. Augustus alifariki mwaka wa 14 B.K., na Seneti ikamtangaza kuwa mungu. Ovid hakuruhusiwa kurudi, na alifia huko miaka michache baadaye.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kuyaona haya kuwa mambo ya mbali yanayowahusu wasomaji wa Kilatini peke yao. Kazi ya kukusanya, kuainisha na kufasiri masimulizi ni kazi yake ya kila siku. Mfasiri yeyote atakayeutia utendi wa Ovid katika Kiswahili atalazimika, katika kila ukurasa, kuchagua kati ya kugeuka, kujigeuza na kugeuzwa, na uchaguzi huo hautakuwa wa kisarufi tu. Vivyo hivyo, mkusanyaji wa ngano za usuli anayeambiwa kwamba mtu fulani wa kale aligeuka jiwe, mti au ndege, ana wajibu wa kumuuliza fanani swali la pili kabla hajafunga daftari: aligeuka, au aligeuzwa? Na kama aligeuzwa, alitaka kusema nini wakati kinywa chake kilipokuwa kikifungwa?